AC inadondosha maji kitandani: fuata njia ya maji kabla ya kuongeza gesi

Swali

Msomaji wa Nyegezi, Mwanza, ameandika: "Habari za kazi, fundi. AC yangu ya ukutani ya BTU 12,000 ina miaka mitatu. Tangu mvua za vuli zianze inadondosha maji kona ya kushoto, juu ya kitanda kabisa. Nikiiwasha saa tatu usiku, ikifika saa nne kasorobo maji yameanza, na hata nikiizima inaendelea kudondosha kama nusu saa. Ubaridi upo. Fundi alikuja akaongeza gesi, ikatulia wiki moja, tatizo likarudi. Mpira wa maji umetokea nje, umepita juu ya fremu ya dirisha, ukashuka hadi kwenye dumu la lita 20 ninalokingia maji ya kudekia. Zamani nikilala AC ikiwaka, asubuhi dumu lilikuwa limefika karibu nusu. Siku hizi maji yanafunika kitako tu. Je, ni gesi tena, au ninunue nyingine?"

Jibu

Nzuri, dada. Usinunue nyingine, na kwa dalili ulizotaja usiongeze gesi tena. Dumu lako limeshatoa jibu. AC ya BTU 12,000 kwenye hewa yenye unyevu mwingi hutoa maji kati ya lita moja na lita moja na nusu kwa saa inapokuwa kwenye kazi nzito. Tangu saa tatu usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi ni saa tisa, kwa hiyo nusu dumu ilikuwa hesabu sahihi kabisa. Sasa ni msimu wa mvua, hewa ina maji zaidi, ubaridi unasema upo, lakini dumu ni tupu. Maji yanatengenezwa kama kawaida, ila hayafiki nje. Yamekwama njiani, yanajaa ndani ya mashine, na yanatafuta pa kutokea. Pa kutokea ni juu ya kitanda chako.

Inafaa kujua maji haya yanatoka wapi, maana ukishaelewa hapo hakuna fundi atakayekubabaisha. Soda ikitolewa kwenye friji na kuwekwa mezani, chupa inalowa nje. Maji hayo hayatoki kwenye soda, yanatoka kwenye hewa. Hewa ya nyuzi 27 yenye unyevu wa asilimia 70, ambayo kandokando ya ziwa si ajabu usiku wa mvua, huanza kutoa umande ikigusa kitu chochote cha nyuzi 21 au pungufu. Koili iliyo ndani ya AC yako, yaani mabomba ya shaba yaliyokunjwa yanayopoza hewa, iko kwenye nyuzi 5 hadi 12. Kwa hiyo kila hewa ya chumba inapopita kwenye koili, inaacha maji juu ya mapezi ya alumini. Maji hayo yanateremka kwenye sinia jembamba la plastiki lililo chini ya koili, sinia lenye kina cha sentimita mbili tatu tu, kisha yanaingia kwenye mpira wa kipenyo cha milimita 16 hadi 18 na kwenda nje. Hakuna pampu. Maji yanashuka kwa uzito wake yenyewe. Chochote kinachozuia maji kuteremka, kiwe uchafu, hewa iliyonaswa au mpira uliopandishwa, kinajaza sinia, na sinia la sentimita mbili halichelewi kujaa. Ndiyo maana kwako inachukua dakika 45.

Turudi kwenye gesi kidogo, kwa sababu hapa watu wengi wa Mwanza wanapoteza hela. Gesi ya AC haitumiki ikaisha kama gesi ya jikoni. Inazunguka ndani ya mabomba ya shaba yaliyofungwa, mwaka baada ya mwaka. Ikipungua, ipo mahali inavuja, na fundi anayeongeza bila kutafuta panapovuja amekuuzia kitu kitakachoondoka tena. Gesi ikizidi nayo ni hasara, inaitesa kompresa, ile pampu ya mashine ya nje inayoisukuma gesi izunguke. Kiasi sahihi kimeandikwa kwa gramu kwenye kibandiko cha mashine ya nje, pamoja na aina yake: R-32, R-410A, au R-22 kwa zile za zamani. Mwulize fundi aliyekuja: aliongeza gramu ngapi, kwa mzani au kwa kukisia, na aliona wapi panavuja? Ile wiki moja ya utulivu ina maelezo mepesi zaidi. Fundi akija huwa anafungua kava, anakung'uta filta, anausogeza mpira. Uchafu ulisogea, maji yakapata upenyo, kisha ukajikusanya tena.

Sisemi gesi haihusiki kamwe na maji. Gesi ikipungua sana, au filta ikiziba kwa vumbi, koili inapoa kupita kiasi na maji yanaganda juu yake. Ukizima, au umeme ukikatika, barafu inayeyuka yote kwa mpigo na sinia linazidiwa. Dalili zake ni tofauti na zako: ubaridi unapungua usiku unavyokwenda, upepo unakuwa dhaifu, ukimulika tochi kwenye koili au kwenye bomba jembamba la shaba nje unaona weupe wa barafu, na maji mengi yanakuja baada ya kuzima, si kabla. Kwako yanaanza mashine ikiwaka, na ile nusu saa ya mwisho ni sinia lililojaa linalojipunguza taratibu. Ukitaka kuwa na hakika, tumia kipimajoto cha kawaida. Baada ya AC kuwaka dakika 15, pima hewa inayoingia juu ya mashine, kisha pima inayotoka mdomoni. Tofauti ikiwa nyuzi 8 hadi 12, gesi iache ilivyo.

Mpira juu ya fremu ya dirisha

Nimesoma sentensi yako hiyo mara mbili, kwa sababu ndiyo kiini cha tatizo. Mpira wa maji hautakiwi kupanda popote, hata sentimita tatu. Unapotoka ukutani, ukalegea kidogo, kisha ukapanda kuivuka fremu, umetengeneza bonde. Maji yanatuama kwenye bonde hilo saa zote, hata AC ikiwa imezimwa. Ili yapite juu ya kilima, lazima maji yaliyo nyuma yapande hadi yafikie kimo cha kilima, na nyuma huko ndiko liliko sinia. Kilima kikiwa juu ya usawa wa sinia, maji hayatapita kabisa. Kikiwa chini yake kidogo, yatapita kwa shida, na kila uchafu utashuka na kutulia bondeni.

Wakati wa kiangazi mashine inatoa maji machache, shida haionekani. Mvua zikija maji yanaongezeka, na kwenye lile bonde kumeshaota ute. Ute huo ni bakteria na ukungu waliojijenga juu ya vumbi lililosombwa kutoka kwenye koili. Ukiukamua unafanana na kamasi nzito, rangi ya kahawia au nyeupe iliyofifia, na una harufu ya kitambaa kilichokaa na maji siku tatu. Mpira wenye mikunjomikunjo unaufaa sana ute huu, kila mkunjo ni kiota.

Na dumu nalo lina sehemu yake. Mdomo wa mpira ukizama kwenye maji ya dumu, hewa iliyomo ndani ya mpira haina pa kutokea. Mbele kuna maji ya dumu, nyuma kuna maji ya bondeni, hewa katikati inakaa kama kizibo. Sinia halina nguvu ya kuisukuma. Kuna AC nyingi zinazosemekana mbovu ambazo ugonjwa wake wote ni mpira kuzamishwa kwenye ndoo. Ukisikia mlio wa po-po-po kwenye mashine, ni hewa hiyo inayojaribu kupenya.

Kuzibua

Kazi hii inachukua kama saa moja, na inatakiwa kufanywa mchana. Zima AC kwa rimoti, kisha zima breka yake au swichi yake ukutani. Rimoti peke yake haikati umeme. Subiri dakika tano. Sogeza kitanda au kifunike kwa nailoni, weka beseni chini ya kona inayodondosha. Utahitaji ngazi isiyoyumba, tochi, bisibisi ya nyota, kikombe chenye alama za mililita, taulo kuukuu, na kitu cha kunyonyea: mashine ya kufyonza vumbi inayokubali maji, au kama huna, bomba la sindano la mililita 60 kutoka duka la dawa pamoja na kipande cha mpira laini kinachoingia kwenye ncha yake.

Anzia nje. Toa mdomo wa mpira kwenye dumu, uelekeze chini, uutazame. Nyigu wa udongo wanapenda sana matundu ya kipenyo hicho na wanaweza kuyafunga kwa tope kavu kwa siku chache. Mijusi wadogo na sisimizi nao huingia. Ukikuta tope, livunje kwa mkono na kulitoa nje, usilisukume ndani. Kisha ushushe ule mpira kutoka juu ya fremu ili uning'inie chini moja kwa moja. Weka ndoo. Mara nyingi hapo hapo maji yatatoka kwa kishindo, lita moja na zaidi. Yaangalie. Yakiwa meupe, shida ilikuwa kilima na hewa. Yakitoka na ute, bado kuna kazi. Yakija na chembe za mchanga na saruji, ni takataka zilizoachwa siku ya kutoboa ukuta.

Kisha nyonya. Zungushia taulo lililoloa kwenye makutano ya mpira na mashine ya kufyonza ili hewa isipenye, iwashe dakika mbili hadi tatu, pumzisha, rudia. Kwa bomba la sindano inabidi uwe na subira: vuta, mwaga, vuta tena, mara 15 au 20, mpaka yanayokuja yawe maji tu.

Kuhusu kupuliza: mafundi wengi hupuliza kwa kompresa ya upepo, na nyumbani watu hutumia pampu ya baiskeli. Inazibua, ndiyo, lakini inaurudisha uchafu wote kwenye sinia, na baada ya wiki moja unateremka tena na kuziba palepale. Nguvu ikizidi, mpira unachomoka kwenye sinia ndani ya mashine, au maji machafu yanaruka hadi kwenye sakiti ya umeme, ambayo kwa AC nyingi iko upande wa kulia. Kama hakuna njia nyingine, puliza kidogo kidogo, koili ikiwa imefunikwa kwa taulo, kisha unyonye uchafu uliorudi. Waya wa henga usitumie kabisa. Mpira wenye mikunjo ni mwembamba, waya unautoboa, na tundu lenyewe likiwa ndani ya ukuta utaligundua rangi itakapoanza kubabuka. Ikibidi kuchokoa, tumia ule utepe wa nailoni wa mafundi umeme wa kuvutia nyaya, wenye kichwa cha mviringo.

Sasa ingia ndani. Fungua kava la mbele, toa filta mbili, zioshe kwa maji na sabuni ya vyombo, zianike kivulini. Jua kali linazipinda. Mulika tochi chini ya koili uone ukingo wa sinia. Kama kuna tope, lifute kwa kitambaa kilichofungwa kwenye kijiti cha plastiki. Angalia mapezi usiyakunje, na usiyashike kwa vidole vitupu, yanakata kama wembe.

Chukua chupa ya maji ya plastiki, toboa kifuniko tundu dogo. Changanya siki nyeupe kikombe kimoja, mililita 250, na maji kiasi hichohicho. Imwagie taratibu kwenye koili upande wa kushoto, mbali na sakiti, iteremke kwenye sinia. Iache nusu saa. Kisha suuza kwa lita moja ya maji ya uvuguvugu. Maji ya moto kutoka jikoni yasitumike, yanapinda sinia na kulainisha viungo vya mpira. Jiki nayo iache mbali: inaondoa ukungu lakini inakula alumini na shaba ya koili. Na kwa vyovyote usichanganye jiki na siki, hata moja ikifuata nyingine siku hiyohiyo, kwa sababu zinatoa gesi ya klorini, na wewe uko juu ya ngazi, pua ikiwa karibu kabisa.

Halafu pima, usiamini macho. Mwaga nusu lita ya maji safi kwenye sinia kwa muda wa dakika moja, mtu mwingine akikinga nje kwa kikombe. Yakitoka yote bila sinia kufurika, njia imefunguka vya kutosha: AC yako ikitoa lita moja na nusu kwa saa ni mililita 25 tu kwa dakika, kwa hiyo umeipitishia mara 20 ya mzigo wake. Yakitoka matone matone, rudia kunyonya. Ukirudia mara tatu bila mafanikio, mpira umebonyea ndani ya tundu la ukuta. Hilo hutokea pale mabomba ya shaba yalipowekwa juu na kuukandamiza. Hapo lazima mashine ishushwe.

Kwa nini kona ya kushoto?

Hili nalo lisipite. Tazama mpira umetokea upande gani wa mashine. Kama umetokea kulia na maji yanadondoka kushoto, kuna mambo mawili ya kuangalia.

La kwanza ni usawa. Weka pimamaji juu ya mashine ya ndani. Inatakiwa iwe sawa, au iinamie upande wa mpira kwa milimita mbili tatu. Ikiinamia kushoto, sinia linajaa upande usio na tundu. Mashine hizi zina kilo 8 hadi 10 na zinaning'inia kwenye bamba la chuma lililofungwa kwa skrubu. Tofali za saruji zilizochanganywa mchanga mwingi huachia plagi za skrubu polepole, na bamba linashuka upande mmoja bila mtu kuona. Dawa yake ni kuhamisha skrubu sentimita chache na kutumia plagi ndefu zaidi, si kuweka kabari ya karatasi nyuma ya mashine.

La pili ni kizibo. Sinia nyingi zina matundu mawili, kushoto na kulia, ili fundi achague upande wa kutolea maji. Tundu lisilotumika linafungwa kwa kizibo cha mpira kama kifundo cha kidole. Kikilegea, kikipasuka au kikisahauliwa siku ya kufunga, maji yanatoka hapo kila sinia linapopanda kidogo. Ni kitu kidogo, kinapatikana kwa wauza vipuri vya friji na AC, na kukibadilisha ni dakika tano kama mashine imefunguliwa tayari.

Kama hujui hasa maji yanaanzia wapi, kata vipande vya karatasi ya choo, upana wa vidole viwili, uvibandike kwa seloteip sehemu nne: kona ya kushoto, kona ya kulia, ukutani chini ya mashine, na kwenye mabomba yanapoingia ukutani. Washa AC, kaa na tochi. Kinacholowa kwanza ndicho kinachosema. Kikilowa cha ukutani, huenda mfereji wa nyuma ya koili umeziba. Koili imekunjwa kama paa la nyumba, na upande wa nyuma una mfereji wake mdogo usioonekana kutoka mbele, kwa hiyo ni kazi ya fundi, kushusha mashine na kuiosha ikiwa kwenye mfuko wa kuoshea. Kikilowa cha kwenye mabomba, wala si sinia: ni ile sponji nyeusi ya mabomba imechanika na shaba baridi inatoka jasho. Ivishe sponji mpya na uifunge tepu. Tafadhali jaribu hili kabla ya kumwita mtu, linaokoa nusu ya mabishano.

Kupitisha mpira upya

Hii ndiyo tiba. Kuzibua bila kuondoa kile kilima ni kununua miezi michache tu.

Tundu la ukutani liinamie nje, tofauti ya milimita 5 hadi 10 kati ya ndani na nje. Mara mpira utokapo nje, ushushe wima kandokando ya dirisha, si juu yake. Kama lazima uende upande, uende ukiwa unateremka sentimita moja hadi mbili kwa kila mita. Sehemu ya nje badilisha uweke paipu ya PVC ya robo tatu inchi. Haina mikunjo, ute haushiki kirahisi, na jua haliipasui upesi kama ule mpira mweupe. Ibane kwa klipu kila sentimita 60 hadi 80 isije ikalegea katikati na kutengeneza bonde jipya. Mpira uingie ndani ya paipu angalau sentimita tano, kufuata mkondo wa maji. Paipu isiingie ndani ya mpira, kwa sababu ukingo wake unakuwa kizuizi na kiungo kinavuja. Usipunguze kipenyo njiani kwa kuunga paipu ya nusu inchi.

Usikubali fundi akuunganishie kwenye bomba la choo au la shimo la maji machafu, hata kama liko karibu kiasi gani. Mpira huu hauna kizuia harufu, kwa hiyo gesi ya shimo na mende watapanda moja kwa moja hadi chumbani, na gesi hiyo inakula shaba ya koili.

Kwa nyumba za milimani, kama Isamilo au Bugando, zipo ambazo ukuta wa nyuma umeegemea jiwe na hakuna pa kuteremshia maji. Hapo ndipo pampu ndogo ya maji ya AC inapostahili, ile inayowekwa kando ya mashine ya ndani yenye kiboya. Idai ile yenye swichi ya kuzima AC maji yakizidi, na usafishe kichujio chake kila miezi mitatu. Nyegezi kwako, dirisha likiwa kikwazo pekee, pampu ni gharama isiyo na sababu.

Ili usirudi hapa

Uchafu unaoziba sinia umepitia kwenye filta kwanza. Miezi ya vumbi, Juni hadi Septemba, osha filta kila wiki mbili. Na nyinyi mnaoishi karibu na maji mna jambo jingine ambalo vitabu vya AC havilitaji: wale wadudu wadogo wa ziwani wanaoinuka kama moshi, hasa karibu na mwezi mwandamo, na kujaa kwenye kila taa. Wakiingia chumbani, AC inawavuta. Utawakuta wamelala juu ya filta kama majani ya chai, na wanaopenya wanaozea kwenye sinia lenye maji na kulisha ule ute. Usiku wa wadudu funga madirisha mapema, zima taa zisizo na kazi, na kesho yake osha filta hata kama zamu yake haijafika.

Mlango na dirisha vifungwe AC ikiwaka. Wengine huacha dirisha wazi kidogo "hewa iingie", na AC inakausha hewa ya ziwa zima. Maji yanaongezeka sana, na hata mdomo wa AC unaanza kutoka jasho na kudondosha, ingawa sinia ni zima.

Siki kikombe kimoja na maji ya kusuuzia kila baada ya miezi mitatu inatosha kwa chumba cha kulala. Mwaka mara moja, kabla ya vuli, fundi aoshe koili na feni ya ndani.

Dumu endelea kulitumia, maji hayo yanafaa kudekia, kufulia na hata kumwagilia maua. Yasinywewe na yasiwekwe kwenye betri ya gari, maana yamepita juu ya vumbi, ukungu na chuma. Ila paipu iishie sentimita tano juu ya mdomo wa dumu na isiguse maji kamwe. Toboa tundu ubavuni mwa dumu, chini kidogo ya shingo, likijaa limwagikie hapo. Chora mstari kwa kalamu ya wino mzito maji yalipofika asubuhi ya kwanza baada ya kazi hii. Usiku wa mvua kama huu wa sasa yakiwa hayafiki hata robo, huku chumba ni cha baridi, anza tena na mdomo wa paipu. Yakifika karibu nusu na kona ya kushoto bado inadondosha, njia ya nje ni nzima na unachotafuta ni kile kizibo.